Kabla Hujaandika "Alikimbia"

Wiki mbili kabla ya marathoni ya hapa Moshi, mwaka ambao sitautaja, alikuja mteja kutaka bango. Kikundi chao cha jogingi kilikuwa kinaandaa mbio ndogo za kilomita 5, za kupasha misuli, na maneno alikuwa ameyaandika mwenyewe kwenye karatasi ya daftari: "Karibuni wakimbiaji wote." Nikachapa, nikapanga rangi, nikamgeuzia kioo cha kompyuta aone. Akatazama picha ya viatu, akasema safi, toa. Nikatoa mita tatu. Kesho yake asubuhi, bango likiwa limeshafungwa kwenye nguzo, mpita njia wa kwanza akauliza kambi imefunguliwa lini. Nilikuwa nimeandika "Karibuni wakimbizi wote."

Bango la pili lilitoka mfukoni mwangu.

Ninafanya kazi steshenari, jirani na Soko la Kati. Kutwa nachapa maneno ya watu: barua za maombi, mihtasari ya vikoba, maelezo ya ajali, kadi za michango, tangazo la mbuzi aliyepotea. Kitenzi kinachonisumbua kuliko vyote ni hiki cha kukimbia. Mtu anakuja nacho kimoja, ndani kimebeba mambo kumi, na akiondoka na karatasi isiyo sahihi anarudi kesho amekasirika. Basi nimejiwekea utaratibu. Nauandika hapa kwa ajili ya yeyote anayeandikia wengine, awe katibu wa kikundi, mwanafunzi wa insha au mtangazaji wa redio.

Kwanza nimalizane na lile bango. Mkimbiaji na mkimbizi wametoka kwenye kitenzi kimoja kwa njia mbili. Mkimbiaji ni mtenda tu, kama msomaji au mwimbaji: anakimbia, kesho anakimbia tena. Mkimbizi amefuata mtindo wa lea–mlezi, okoa–mwokozi, komboa–mkombozi. Ile "z" ni mabaki ya "l" iliyomezwa zamani mwishoni mwa kitenzi, na bado inachungulia ukisema "kimbilia". Lakini maana imekwenda mbali zaidi ya herufi. Mkimbizi anaweza kuwa amekaa kitako miaka 20, hajakimbia hata hatua moja, bado ni mkimbizi, kwa sababu neno linataja alichokiacha nyuma.

Hatua ya kwanza: uliza uso umeelekea wapi

Ukisema "anakimbia" bila kuongeza kitu, tunaona miguu. Ukiweka mtu katikati, "anamkimbia", hatuoni tena miguu, tunaona mgongo. Yule anayetajwa yuko nyuma, ameachwa au anaogopwa. Chomeka silabi moja, "anamkimbilia", na mtu huyohuyo sasa yuko mbele, mikono wazi. Silabi "li" ndiyo imemgeuza uso. Ndiyo maana mahali pa usalama panaitwa kimbilio.

Alikuja mama mmoja na mtoto mgongoni, anataka barua ya kupeleka ustawi wa jamii. Akaniambia niandike: mume wangu amenikimbia tangu mwezi wa tatu. Mimi, kwa ujuaji, nikachapa "ametoroka". Nikamsomea.

"Hapana, kaka. Hajatoroka."

"Si ameondoka, mama?"

"Ameondoka mchana kweupe, na begi, akapanda Kosta ya Arusha majirani wakimwangalia. Hata nauli aliniomba mimi. Huyo katoroka wapi? Amenikimbia."

Nikafuta. Alikuwa sahihi kabisa. Kutoroka kunahitaji siri: mfungwa anatoroka, mwanafunzi anatoroka bweni, ng'ombe akikata kamba usiku ametoroka. Mbio si lazima. Unaweza kutoroka kwa kunyata. Kumkimbia mtu ni kumtupia mzigo mliokuwa mnaubeba wawili, na wala hakuhitaji giza. Afisa anayesoma "ametoroka" atatafuta mtu aliyejificha. Akisoma "amenikimbia" atatafuta matunzo ya mtoto.

Kwenye mihtasari ya vikoba neno hili ni bomu. "Mweka hazina alikimbia na fedha" ni tuhuma ya wizi iliyoandikwa na kusainiwa na mwenyekiti. Katibu akiniletea sentensi hiyo namuuliza: mmemwona akiondoka nazo? Mara nyingi hawajamwona; hapokei simu tu. Basi andika "hajahudhuria vikao vitatu na hapatikani kwa simu". Mtaani mwiteni mnavyotaka, semeni ameingia mitini, amewakacha, amesepa, amekula kona. Maneno hayo ni matamu mdomoni na yana kejeli yake, ila hayafai kupigwa muhuri.

"Kimbilia" ina tabia nyingine ya kuitazama. Ikifuatwa na kitenzi huwa lawama: amekimbilia kuoa, walikimbilia kusaini. Hapo hakuna aliyetoka jasho. Maana yake ni kwamba hawakufikiri. Ukitaka kusema mtu alifanya jambo mapema na ukamsifu, neno ni "kuwahi": aliwahi kusaini. Tendo lile lile, dakika ile ile, mmoja kakimbilia, mwenzake kawahi. Tofauti iko moyoni mwa anayesimulia.

Hatua ya pili: kama ni "kukimbiza", usiache sentensi wazi

Hapa ndipo kicheko kilipo. Mwizi anakimbizwa, na anayemkimbiza yuko nyuma yake na rungu. Mgonjwa anakimbizwa, na anayemkimbiza amembeba. Mwenge wa Uhuru nao unakimbizwa nchi nzima kila mwaka, na wanaoupeleka wana cheo rasmi cha wakimbiza Mwenge, ingawa sehemu kubwa ya safari huwa kwenye magari. Hakuna Mtanzania anayedhani Mwenge unafukuzwa. Sisi wa chini ya mlima tuna haki ya kuringa kidogo hapa, maana ulipandishwa juu ya kilele cha Kilimanjaro usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na siku hiyo, nina uhakika, hakuna aliyekimbia. Kwenye mita 5,895 mtu anashukuru akipata pumzi ya kutembea.

Kitenzi ni kimoja kwa wote watatu, na maana yake ni "kusababisha kitu kiende mbio". Namna ya kusababisha, iwe kwa kufukuza au kwa kubeba, haijasemwa. Msomaji anaijaza kwa kutazama jirani za neno. Jirani wakikosekana, anajaza anavyotaka. Niliwahi kuletewa tangazo la habari za mtaa lenye kichwa: "Wananchi wamkimbiza mwenyekiti." Nikauliza, kafanya nini tena? Kumbe presha ilimpanda kikaoni. Tukaongeza neno moja, "Wananchi wamkimbiza mwenyekiti Mawenzi", na mji mzima ukaelewa ni hospitali. Kwa hiyo ukimkimbiza mtu mwema, taja unakompeleka. Ukimkimbiza mwizi, huna haja.

Vijana wana matumizi ya nne: "anakimbiza darasa zima", yaani anaongoza, wengine wanamfuata kwa mbali. Ukiipima, imegeuza kila kitu, maana anayekimbiza ndiye yuko mbele. Naipenda, lakini kwenye barua ya mzazi kwa mwalimu mkuu nitaandika "anaongoza".

Hatua ya tatu: tenganisha gari na dereva

Kijana wa bodaboda alikuja na mkono umefungwa bandeji, anataka kuandikiwa maelezo ya ajali. Akasimulia kwa pumzi moja: "Noah ilikuwa inatembea, ikanigonga, ikakimbia."

Ukiwa wa huku umemwelewa bila shida. Gari likisemwa "linatembea", hasa kwa kuvuta ile "teee", maana yake linakwenda kama risasi. Mtu anayenunua gari anaambiwa "hii inatembea", na hapo hasifiwi upole wa injini. Lakini karatasi haina sauti. Mtu wa bima aliyekaa ofisini atasoma "ilikuwa inatembea" na kuona Noah ya kiungwana, kilomita 20 kwa saa, imegongwa na kijana asiyeangalia. Neno la pili lina mtego wa namna hiyo hiyo: "ikakimbia" ni iliongeza mwendo, au dereva alikwepa kukamatwa?

Tukaandika hivi: "Gari aina ya Noah lilikuwa likienda kwa kasi. Baada ya kunigonga, dereva hakusimama. Aliondoka eneo la ajali kuelekea Boma Ng'ombe." Kijana akasoma, akasema limekuwa kama si yeye. Nikamwambia ndivyo maelezo yanavyotakiwa kuwa.

Neno rasmi la kosa ni mwendokasi. Kwenye maeneo ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na barabara ya Moshi–Arusha ni makazi karibu mwanzo hadi mwisho: Boma Ng'ombe, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru, vibao vya 50 vimepangana kama shanga, na nyuma ya mti mmoja au mwingine kuna askari na tochi. Hii ni tochi ya kupimia mwendo, wala haimuliki. Dereva "anapigwa tochi", halafu anapewa karatasi. Mgeni wa Dar es Salaam aangalie hapa: kwao mwendokasi ni basi, kwetu ni faini.

Hatua ya nne: haraka, upesi, kasi, hima

Kamusi za shule zinayaweka maneno haya kwenye mstari mmoja kama sabuni za aina moja. Hayako hivyo.

Kasi ni ya kitu chenyewe, nguvu ya mwendo wake. Mto Karanga ukijaa unakwenda kasi. Hauendi haraka, kwa sababu mto hauna miadi. Haraka ni ya mwenye miadi: "nina haraka" husema mtu, hakuna anayesema "nina kasi" akiwa anatafuta chenji. Neno lilitoka Kiarabu, ambako ni kusogea tu, na harakati ni ndugu yake wa tumbo moja. Sisi ndio tuliolitia wasiwasi, na methali yetu ikalinyima baraka.

Upesi ni jirani wa wepesi, na unausikia uzito ukipungua ndani yake. Kufanya jambo upesi ni kulifanya bila kukokota, na hakuna lawama. Ndiyo maana "nijibu upesi" ni ombi la adabu, na "nijibu haraka" tayari ina kidole kimenyooshwa. Kwa barua ya kuomba kitu kwa mkubwa, mimi huweka "mapema iwezekanavyo" na kuachana na yote mawili. Hima ni ya kuhimiza wengi: fanyeni hima. Chapchap na fasta ni za kijiweni, zibaki huko.

Kuna mwendo mwingine ambao si mbio wala matembezi, na waandishi wengi wanaukosea. Waangalie wagumu mlimani, wale wapagazi wa Kilimanjaro. Mgeni anaambiwa "pole pole" kila dakika tano, na pembeni yake anapita kijana mwenye kilo 20 kichwani, anamwacha, anapotea kwenye kona. Nimesoma simulizi za safari zilizoandika kwamba wapagazi "walikimbia". Jaribu kukimbia na mzigo huo juu ya mawe uone. Wanakaza mwendo. Wanachapua miguu. Goti linakunjika kidogo, shingo haitikisiki, mzigo unaelea. Kiswahili kimewawekea maneno yao, wapewe.

Hatua ya tano: tazama dakika ya kuondoka

Nilipata somo zima Mbuyuni, siku ya gulio, kutoka kwa jogoo mmoja. Mama muuzaji alikuwa amesinzia kwenye kigoda, tenga mbele yake, kamba ya mdomo wa tenga imelegea. Jogoo akachomoka. Kuchomoka ni kutoka ndani ya kitu kwa ghafla, kama kisu alani. Asiyekuwa ndani ya kitu hachomoki. Mama akakurupuka. Kukurupuka ni kwa aliyekuwa ametulia au amelala, na akili inafika baada ya mwili. Alisimama kwanza, akajua kwa nini baadaye. Jogoo akatimua mbio katikati ya mafungu ya nyanya. Mtoto wa muuza ndizi akamdaka mkia, jogoo akamchurupuka, manyoya matatu yakabaki mkononi. Kuchurupuka ni kuteleza kutoka kwenye mshiko, na bila mshiko hakuna kuchurupuka. Kisha akajitosa chini ya Fuso iliyokuwa inashusha vitunguu, akatokomea. Kutokomea ni kwetu sisi tuliobaki tunachungulia. Jogoo mwenyewe alijua vizuri yuko wapi.

Hayo ni matendo matano ya jogoo, na la mama likaingia kati. Andika "alikimbia" kila mahali na umebaki na jogoo tu, tenga limepotea, usingizi umepotea, manyoya yamepotea.

Kwa binadamu anayeogopa ongeza "mguu niponye", usemi ambao mtu anaomba miguu yake mwenyewe imwokoe, na "kutoka nduki", ambao una mshtuko ndani yake. Kukata mbuga kunataka umbali: huwezi kukata mbuga kutoka sebuleni hadi jikoni. Kuchanja mbuga nawaachia mabasi. Na mchakamchaka ni wa asubuhi shuleni, wengi, kwa mstari na kwa wimbo. Mtu mmoja hapigi mchakamchaka peke yake labda kama amechanganyikiwa.

Hatua ya sita: kama ni michezo, tazama mbio zenyewe

Mwanariadha si lazima awe mkimbiaji. Anayerusha tufe ni mwanariadha, anayeruka juu ni mwanariadha. Ukimaanisha wa mbio, sema mkimbiaji, na uyaite mashindano kwa majina yake: mbio fupi, mbio ndefu, mbio za nyika, mbio za kupokezana vijiti.

Kisha acha kutimulisha watu vumbi. Magazeti yamelichosha neno. Kila mshindani "atatimua vumbi", hata kwenye lami, hata kwenye ligi ya mpira iliyonyeshewa mvua. Chukua wakimbiaji watatu wetu. Filbert Bayi, wa Karatu, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, Christchurch mwaka 1974, alitangulia mwanzoni kabisa na hakuna aliyemshika hadi mwisho. Mtindo wake ulikuwa kuongoza tangu mlio wa bastola. Alphonce Simbu, kwenye marathoni ya ubingwa wa dunia Tokyo mwaka 2025, alimpiku Mjerumani Amanal Petros utepeni. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48 na kilichowatenga ni sekunde 0.03. Neno la hapo ni kupiku, maana anayepikuliwa alikuwa anakaribia kushinda. Na John Stephen Akhwari, Mexico mwaka 1968, goti limeumia na limefungwa bandeji, aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Huyo alichechemea. Kuna watu wanaona kuandika "alichechemea" ni kumvunjia heshima. Mimi naona wanaoandika "alikimbia hadi mwisho" ndio wanaomnyang'anya kitu.

"Mbio za ubunge" siipendi, lakini imeshaingia na haitoki.

Hatua ya mwisho: msomee mwenye maneno

Usimgeuzie kioo. Mtu akionyeshwa kioo anatazama rangi na picha. Msomee kwa sauti, taratibu, na ukifika kwenye neno la mbio nyamaza kidogo. Kama si lake atakukatiza, kama yule mama wa Kosta.

Mwaka huu yule mteja wa bango amerudi. Akanipigia kwanza: "Kaka, andika wanariadha. Sitaki kambi tena." Nikamuuliza kama kuna watakaorusha tufe. Akacheka, akasema hakuna, nusu yao ni kina mama wa kwaya na hawatakimbia, watakaza mwendo tu, wengine wana sukari na daktari amewaambia watembee. Tukalizungusha dakika kumi kwenye simu, vocha yake ikakata, nikampigia mimi. Bango limetoka jana: "Karibuni wakimbiaji na watembeaji wote." Nimemsomea mara mbili.